Mpira Uliokaa Mstarini

4 Februari

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima, na chumba changu juu ya duka la matairi nacho kizima, ila harufu ya mpira sasa imeingia hadi kwenye mto wa kulalia. Kazini tumemaliza kupima viwanja vya upande wa mashariki, na nyayo zangu zimekuwa ngumu kama soli. Mama anasema kochi lake limekaa karakanani kwako tangu mwaka jana likisubiri kuvalishwa kitambaa, naye anakalia kiti cha jikoni akiangalia mlango. Mrudishie dada yako kochi lake.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kwenye simu ulisema "nimesikia," kisha ukakata. Mtu aliyesikia kweli hakati simu, kwa hiyo naandika. Barua huwezi kuikatiza.

Chama cha wachezaji wa pool kimenichagua niwe katibu wa kamati ya kanuni. Nimeandaa hoja moja tu, na itapigiwa kura mwisho wa Mei: anayevunja, yaani anayepiga pigo la kwanza la kutawanya mipira, lazima avunje kweli. Kati ya mipira tisa, angalau mitatu iingie shimoni au ivuke mstari wa upande anaosimama mvunjaji. Isipofika mitatu, amepoteza haki yake ya kuendelea. Yaani ile vunja ya kubembeleza, ambapo mtu anaugusa mpira wa mbele kama anayebisha hodi kwa mgonjwa, na mpira wa pembeni unateleza wenyewe shimoni, itakwisha.

Unajua ilikotoka. Kwenye fainali ile nilikaa kitini, fimbo katikati ya magoti, nikimtazama dada mmoja akivunja hivyo gemu baada ya gemu. Anayeshinda ndiye anayevunja tena, basi hakuna aliyenikaribisha mezani. Mpira ule ule, kona ile ile. Chaki ilinikaukia mkononi. Kushindwa na mtu naweza. Mimi nilishindwa na mpangilio, na hilo halijanitoka kifuani hadi leo.

Najua pia kwamba hakuna anayevunja kwa kubembeleza vizuri kuliko wewe, na kwamba mjini kwetu wanakuita Taratibu. Hoja ikipita, wa kwanza kuumia ni wewe. Ndiyo maana nataka unipinge, na unipinge kwa sababu, si kwa kukata simu.

Mpwa wako,
anayekusubiri

20 Februari

Marahaba mwanangu, Bi Kanuni,

Hapa kwetu hatujambo. Mkaza mjomba wako amebadilisha miwani na sasa anaona vumbi ambalo zamani halikuwepo. Dada yangu mwambie kochi linakuja, kochi si chapati. Ukiona hati yangu imeyumba, usicheke, naandikia gotini.

Nimeisoma hoja yako mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Ni nzuri, imenyooka, inafanana na wewe ulipokuwa mdogo ukikataa kula kwa sababu vijiko havikulingana. Sasa sikiliza.

Kwanza, meza ya pool si machimbo ya kokoto. Mtu aliyepewa mipira tisa iliyopangwa vizuri hana deni la kuitawanya kama kuku waliofukuzwa uani. Pili, hao wapigaji wenu wa nguvu wanachana kitambaa, na mtengeneza meza za mji huu ni nani? Ni mimi. Kila Jumatatu naitwa kuziba tundu ambalo shujaa fulani ameliacha. Tatu, kama mpira wa pembeni unaanguka kila mara, kosa ni la anayepanga, si la anayevunja. Badilisheni mpangilio, mtuachie mikono yetu.

Na nne, kwa kuwa umesema niseme ukweli. Mwezi wa saba timu ya mji inabakiza nafasi moja, na tunaoitaka ni wawili: mimi na Kinyozi. Kinyozi anavunja kama anayevunja mlango wa jela. Kanuni yako ikipita, mimi nitaenda na timu kushika makoti ya watu. Nina umri wa kushika makoti, lakini sina hamu.

Kula vizuri. Hao wa matairi waambie wafungue dirisha.

Mjomba

9 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimefurahi kwa barua. Mama amenitumia salamu na malalamiko ya kochi kwa pamoja, sijui kipi ni kipi.

Mpangilio tulishaujaribu. Tuliupeleka mpira wa tisa mbele, tukaurudisha nyuma, na waliobembeleza wakajifunza kubembeleza upya. Kuhusu kitambaa, nakuomba unisamehe: mtengeneza meza anayelalamika meza zinaharibika ananichekesha. Na kuhusu kuku, naona tofauti. Vunja ni mahali pekee katika mchezo huu ambapo mtu anakubali kutojua. Anapiga, mipira inakwenda inakotaka, halafu wote wawili wanaanza kufikiri. Anayebembeleza anakataa kutojua. Anataka mchezo uanze ukiwa umekwisha. Nalifikiria jambo hili hata nikiwa kazini na fimbo ya kupimia mkononi, hadi msimamizi wangu anauliza naongea na nani.

Lakini kuna swali ambalo hukuligusa, na ni lepesi. Kwa nini usipige kwa nguvu tu?

Kwa sababu ulikuwa unapiga, Mjomba. Nakumbuka. Nikitoka shule nilikuwa napanda ngazi za ukumbi wenu kukuletea ufunguo, na kabla sijafika juu nilikuwa najua kama upo. Ukivunja, glasi za rafuni zililia. Mtu mwingine akivunja, hazikulia. Mama akiwa chini barabarani alikuwa anasema "huyo ni kaka yangu" bila kupanda. Lini uliacha? Na kwa nini?

Jibu hilo tu, mengine niachie.

Mpwa wako

17 Aprili

Mwanangu,

Nimechelewa. Kazi nyingi. Mzima? Sisi wazima. Miwani ya mkaza mjomba wako imeanza kuona hata mawazo ya watu.

Kuhusu mtu kukubali kutojua, nimelipenda. Nimemwambia Kinyozi, akaniuliza kama umeolewa na mchungaji. Nikamwambia umeolewa na kanuni.

Kuhusu kumbukumbu yako ya glasi, rafu ile ilikuwa imelegea.

Kuhusu swali lako, mvua imenyesha sana huku.

Kochi linaendelea.

Mjomba

22 Aprili

Mpendwa binti yetu,

Ni mimi, mkaza mjomba wako. Usishangae. Naandika ofisini kwangu wakati wa chakula, na yeye hajui.

Amenisomea swali lako kwa sauti, halafu akanisomea jibu lake, akacheka peke yake. Mvua haijanyesha huku tangu mwezi wa pili.

Bega lake la kulia limekwisha. Mwaka jana alikuwa anavuta ngozi kwenye viti vya basi, kitu kikakatika ndani, na tangu hapo mkono haupandi kupita kifua. Daktari amemkataza kuvuta na kupiga kwa nguvu. Kupiga taratibu anaweza. Kwa hiyo unaposoma hoja zake za kitambaa na kuku, ujue chini yake kuna bega. Kochi la mama yako ni hilo hilo.

Hakutaka ujue. Alisema ukijua utaifuta hoja yako, na ukiifuta kwa ajili yake hatakusamehe. Mimi nimeona afadhali ukasirikiwe ukijua. Sasa mtajuana wenyewe.

Nakupenda. Fua huo mto.

30 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumaini mvua imepungua.

Nimefikiria upya. Hoja zako zina uzito, hasa ile ya kitambaa. Nadhani nilikuwa na hasira ya fainali, na mtu hatungi kanuni akiwa na hasira. Nitaiondoa hoja kabla ya mkutano. Tutalitazama mwaka mwingine, au mwingine baada ya huo. Kuna mambo mengi ya kamati yanayosubiri, kwa mfano viatu vya wachezaji.

Kazini tunaanza upande wa magharibi. Hakuna jipya.

Mpwa wako

11 Mei

Wewe,

Viatu vya wachezaji.

Mke wangu ana kalamu, mimi nina macho. Mtu aliyenipinga ukurasa mzima mwezi wa tatu hawezi kuangushwa na kitambaa mwezi wa nne. Nilimtazama tu mke wangu mezani, akaniambia niongeze chumvi, nikajua ameandika.

Basi tuongee. Ndiyo, ni bega. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unanipinga vizuri sana, na tangu nianze kuumwa hakuna anayenipinga. Watu wananishikia mlango. Kinyozi mwenyewe ananiachia kiti. Wewe peke yako ulikuwa unanipiga kwa nguvu zote, nami kila barua yako nilikuwa naifungua nikisimama. Sasa na wewe unataka kunishikia mlango?

Usinipunguzie meza. Nilikufundisha mchezo huu uzito wake wote, hukuwahi kupewa fimbo ya mtoto. Kanuni ikitungwa kwa ajili ya bega la mtu mmoja, hiyo si kanuni, ni bandeji. Na hoja yako ni ya kweli. Niliipinga kwa mdomo, lakini siku ile uliyoandika kuhusu kukubali kutojua niliweka barua chini nikatoka nje kidogo. Tangu mwaka jana nimekuwa nashinda, mwanangu, na sijafurahi hata siku moja. Nilidhani ni uzee.

Jambo jingine. Hati yangu haikuyumba kwa sababu ya goti. Naandika kwa mkono wa kushoto. Barua zako zote nimezijibu kwa kushoto, ndiyo mazoezi yangu. Asubuhi naandika, jioni navunja, kwa kushoto vile vile. Mwanzoni mpira mweupe ulikuwa unaruka nje ya meza, watu wakainama chini ya viti. Sasa unabaki, mara nyingi.

Peleka hoja. Usipoipeleka, tafuta mjomba mwingine.

Taratibu (kwa muda tu)

3 Juni

Shikamoo Mjomba,

Umenitukana barua nzima, na nimeiweka chini ya mto, ambao nimeufua.

Imepita. Nilisimama mbele ya watu wale, nikaiweka karatasi mezani nikaongea bila kusoma. Mmoja aliuliza wenye umri au maumivu watafanyaje. Nikasema namfahamu mmoja wao, na amenikataza kumwonea huruma. Walicheka, wakidhani ni utani.

Imeandikwa hivi: "Baada ya kuvunja, mipira isiyopungua mitatu iwe imeingia shimoni au imevuka mstari. Isipotimia, mpinzani atachagua: acheze meza jinsi ilivyo, au amtake mvunjaji avunje tena." Hicho kipengele cha mwisho ni cha kamati, si changu. Sikioni kibaya.

Niambie ukweli kuhusu mkono wa kushoto. Niambie pia kama unauma. Usiniambie habari za mvua.

Mpwa wako

2 Julai

Kwa Katibu wa Kanuni, ambaye pia ni mwanangu,

Mkono wa kushoto hauumi. Una kiburi kidogo, kama mtu aliyepandishwa cheo ghafla. Mama yako ana kochi lake. Mke wangu alivuta kitambaa, mimi nikatoa amri. Amri zilikuwa nzuri, asikwambie vingine.

Sasa nisikilize, maana mji mzima unasubiri.

Jumamosi nilicheza na Kinyozi kugombea ile nafasi. Tulikwenda sawa hadi gemu ya mwisho, na kuvunja kukawa kwangu. Nikavunja kwa kushoto. Mpira mmoja uliingia. Wa pili ulivuka mstari ukaenda zake. Wa tatu ulikuja, ukaja, ukaja, ukakaa juu ya mstari kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.

Watu wangu walisema umevuka, kwa sababu tumbo lake limepita. Watu wa Kinyozi walisema haujavuka, kwa sababu makalio yake yamebaki. Mwamuzi akatoa kanuni yako mfukoni, akaisoma kwa sauti: "imevuka mstari." Akaisoma tena, akaigeuza kutazama nyuma. Nyuma hakuna kitu.

Mwanangu, wewe ni mpimaji ardhi. Unakula kwa kuchora mipaka. Umeandika mstari bila kusema mpira unahesabiwa wapi: tumboni, mgongoni au wapi. Nilicheka hadi nikashikwa bega, lile bovu.

Mwamuzi ameamua kwamba meza isiguswe hadi Katibu aandike, kwa saini na muhuri. Nimeifunika kwa turubai la karakana yangu. Kinyozi anakuja kila siku kuchungulia kama mpira upo, nami nakuja kuchungulia Kinyozi. Wenye ukumbi wamegoma kutuongelesha. Mtu mmoja amepiga chafya karibu na meza akatolewa nje.

Kinyozi kwanza alikataa, akasema mpwa hawezi kumwamulia mjomba. Mwamuzi akamuuliza kama anakufahamu. Akafikiri, akasema anakufahamu: alikunyoa ukiwa mdogo, ukagoma kushuka kitini hadi pande zote mbili zilingane, akabaki hana cha kunyoa. Akasema basi, aandike huyo huyo.

Tumekubaliana jambo moja, mahali mpira ulipo, nami nakuandikia kama ulivyo. Nimepiga magoti na kuutazama kwa taa. Pale mpira unapogusa kitambaa hapajafika kwenye mstari. Pamekosa unene wa uzi. Sehemu ya juu imepita vizuri tu.

Andika unachoona.

Mjomba

8 Julai

Kwa Mwamuzi na wachezaji wote wawili:

Mpira unahesabiwa pale unapogusa meza. Mpira wa tatu haukuvuka mstari. Kinyozi atachagua kwa mujibu wa kanuni. Neno hili litaongezwa kwenye maandishi, na Katibu anaomba radhi kwa uzembe wake.

(Mjomba, karatasi hii ya pili ni yako, usiisome ukumbini.

Shikamoo. Nilikaa na barua yako dirishani hadi fundi wa matairi akaniuliza kutoka chini kama kuna msiba. Kanuni ilikuwa haijasema, Mjomba. Ningeweza kuandika kwamba tumbo linatosha, na ingekuwa kanuni halali kuanzia hapo, na hakuna ambaye angenishtaki. Niliiandika hivyo. Niliiandika kabisa, kwa hati nzuri. Kisha nikaona neno lako la uzi. Wewe ndiye uliyenipa huo uzi, na ungeweza kuuficha.

Kazini, kigingi kinahesabiwa pale kinapoingia ardhini, hata kama kichwa chake kimeinama upande wa jirani. Ningemwandikia hivyo mtu nisiyemjua. Basi nikakuandikia wewe.

Niambie kama umekasirika. Nitavumilia.)

25 Julai

Mwanangu, Bi Kanuni, mwenye muhuri,

Nimeisoma ya pili ukumbini, kwa sauti, hadi kwenye msiba. Wamekupenda. Fundi wa matairi wamempenda zaidi.

Sikukasirika. Nilipofika kwenye "haukuvuka" nilipumua kama mtu aliyevuliwa viatu. Nilijua basi kwamba hunishikii mlango.

Turubai tuliliondoa mbele ya watu wengi kuliko waliokuja kwenye mechi. Kinyozi akazunguka meza. Mpira namba moja, ambao lazima uguswe kwanza, ulikuwa umejificha nyuma ya miwili, hauonekani hata kwa kupiga magoti. Akakuna kichwa, akanitazama mkono wa kushoto, akasema: "Mzee, vunja tena." Alidhani pigo langu la kwanza lilikuwa la bahati.

Nikapanga miguu. Nikakumbuka maneno yako, nikakubali kutojua. Nikapiga.

Mwanangu, mitano ilivuka. Mitano, na mmoja ndani. Na zile glasi za rafuni zililia zote, moja baada ya nyingine, kama watoto wa shule wanaoitikia majina. Rafu imekazwa mwaka huu, nimeikaza mimi mwenyewe. Zilipotulia, nikasikia sauti ya dada yangu kutoka chini barabarani, alikuwa anapita na kikapu chake, akimwambia mtu nisiyemwona: "Huyo ni kaka yangu."

Kuhusu matokeo ya gemu, mvua imenyesha sana huku.

Mjomba wako, wa kushoto

Binti yetu, ameniachia nafasi chini nibandike stempu, na mimi naandika. Mpira mweupe nao ulifuata shimoni, zamu ikaenda kwa Kinyozi, akamaliza meza, na nafasi ya timu ni yake. Mjomba wako atakwenda kushika makoti. Tangu siku hiyo anaimba bafuni, na wimbo wenyewe anaujua mstari mmoja. Jana alimwambia Kinyozi mwakani asimwachie kiti. Amenunua meza kuukuu, ameiweka karakanani, na glasi zangu za kabatini nimezishusha zote rafu ya chini.